Helmeti ya Kupanda Farasi kwa Mfuko Mdogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilianza kazi nikiwa saisi, wa kuzoa samadi na kupiga farasi brashi, pande za Karen hapa Nairobi. Siku hizi nafundisha wanaoanza. Kila shule zikifungwa simu yangu haitulii: wazazi wanauliza helmeti ipi, bei gani, wapi, na kama ile ya baiskeli aliyo nayo mtoto haitoshi. Nimechoka kuandika majibu yale yale kwenye WhatsApp, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Bei nilizotaja ni za kukadiria, maana dola haikai mahali pamoja.

Helmeti salama ya bei ya chini kabisa ni pesa ngapi?

Mpya, yenye cheti cha kweli, huko Ulaya na Marekani huanzia kama dola 40 hadi 80. Kwa shilingi za Kenya ni elfu tano na kitu hadi elfu kumi na kidogo, kabla ya usafiri na ushuru. Troxel na Tipperary wanatengeneza za daraja hilo kwa soko la Marekani. Ulaya, maduka ya michezo ya Decathlon wana zao. Ukikuta "helmeti ya farasi" mpya kabisa inauzwa elfu moja mia tano mtandaoni, haina nambari yoyote ya kiwango ndani, hilo ni pambo la picha.

Ya dola 400 si salama zaidi?

Si lazima. Hili ndilo swali linalowatoa watu pesa bure, ngoja nilijibu vizuri.

Helmeti ya dola 50 na ya dola 500, zikiwa na cheti kimoja, zimepita mtihani ule ule. Zote zimeangushwa kwenye chuma tambarare na kwenye chuma chenye ncha, zikapimwa ni mshtuko kiasi gani umefika kwenye kichwa cha bandia kilichomo ndani. Pesa ya juu inanunua ngozi, wepesi, matundu mazuri ya hewa, kitambaa cha ndani kinachotoka na kufuliwa, vijiwe vya kung'aa, na jina. Starehe si kitu cha kudharau, maana helmeti inayokuumiza kichwa utaivua. Lakini usiambiwe ni usalama.

Maabara ya helmeti ya Chuo Kikuu cha Virginia Tech, Marekani, ilianza kutoa nyota kwa helmeti za wapanda farasi mwishoni mwa 2022. Wao hawaishii kuuliza kama imepita au imefeli. Wanapima imepunguza mshtuko kwa kiasi gani, na matokeo wanayaweka bure mtandaoni. Humo zimo za bei ya kawaida zilizozipita kwa nyota zile zinazovaliwa na matajiri. Kabla hujalipa, tafuta jina la modeli yako kwenye orodha ile. Ni dakika tano.

Nitajuaje kwamba ina cheti cha kweli?

Pindua helmeti utazame ndani. Si kwenye boksi, si kwenye kitambulisho cha bei kinachoning'inia. Ndani kabisa, mara nyingi chini ya kitambaa, kuna karatasi iliyobandikwa kwenye povu. Hapo soma nambari:

ASTM F1163 ni kiwango cha Marekani, na kinatakiwa kiambatane na alama ya SEI, yaani taasisi iliyoipima na inayoendelea kukikagua kiwanda. ASTM bila SEI ni madai ya muuzaji tu. PAS 015:2011 ni ya Uingereza. Tafuta na alama ya Kitemark, ile inayofanana na tiara iliyolala. VG1 01.040 ni ya Ulaya, na EN 1384 ya 2017 au ya 2023 pia. Snell E2016 na E2021, za shirika la Snell la Marekani, ni kali na si nyingi. AS/NZS 3838 ni ya Australia na New Zealand.

Tahadhari moja ambayo hata wenye maduka hawaisemi: EN 1384 ya zamani, ile ya 1997 au 2012, ilionekana haitoshi, na Ulaya ikaacha kuitambua. Kwa hiyo helmeti iliyoandikwa EN 1384 ikifuatiwa na mwaka wa kale, pamoja na alama ya CE ya soko la Ulaya, inaonekana ina vyeti chungu nzima na kumbe ni ya enzi zilizopita. Za aina hiyo ndizo zinazojaa kwenye mitumba yetu. Na herufi CE peke yake, bila nambari ya kiwango, haikuambii imepimwa kwa kazi gani.

Mtoto ana helmeti nzuri ya baiskeli. Haifai hata kwa masomo mawili matatu ya mwanzo?

Haifai. Ukiipindua utakuta EN 1078, au CPSC, au ASTM F1447. Hizo ni nambari za baiskeli. Wanaouza mitumba huzichanganya zote kwenye rundo moja, na kwa macho zinafanana, hasa za watoto.

Tofauti iko nyuma ya kichwa. Mwendesha baiskeli mara nyingi huruka mbele. Anayeanguka kwenye farasi huanguka popote: ubavuni, chali, au anarushwa juu kwanza ndipo ashuke na kisogo. Helmeti ya farasi inashuka chini zaidi kisogoni na kwenye paji la uso. Halafu kuna kwato. Mtihani wa farasi una chuma chenye makali kilichowekwa makusudi kwa ajili ya jambo hilo. Na kumbuka kichwa cha mtu aliyekaa juu ya farasi wa kawaida kiko karibu mita mbili na nusu kutoka chini, na aliye chini yake ana kilo mia nne, mia tano.

Na ya bodaboda?

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko mnavyodhani, na si swali la kijinga. Ile ni ngumu kweli. Ila ni nzito kwa shingo ya mtu anayerukishwa juu na chini kwenye tandiko, inaziba masikio, na inakupunguzia kuona pembeni. Farasi unamsikia kabla hujamwona akishtuka: pumzi inabadilika, kwato zinabadilika. Ukiwa umezibwa masikio, habari unaipata ukiwa tayari hewani.

Za wajenzi, za kupanda miamba na za kuteleza kwenye theluji nazo kila moja ina nambari yake na kazi yake. Nakuokolea muda: hapana.

Naweza kununua ya mtumba?

Nimelelewa na mitumba. Viatu vyangu vya kupandia farasi ni vya Toi, suruali ni ya Toi, na soko lenyewe haliko mbali na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, kwa hiyo vitu vya farasi si haba pale. Lakini helmeti sinunui.

Kuna mama mmoja nilimsindikiza. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya masomo, yeye akawa ameiona helmeti nyeusi ya mahameli, safi, jina kubwa la Uingereza, shilingi mia nane. Alikuwa ameshafungua pochi. Nikaomba niitazame. Kwa nje hakuna mchubuko. Nikavuta kitambaa cha ndani polepole, gundi ilikuwa imekauka ikaachia yenyewe. Povu lilikuwa limegeuka rangi ya siagi. Upande wa kushoto, juu ya sikio, kulikuwa na sehemu iliyobonyea, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, nyororo na yenye kung'aa kuliko kwingine. Kutoka hapo ulianza ufa mwembamba kama unywele, ukashuka mpaka ukingoni. Muuzaji akasema, "Hiyo ni laini ya kiwanda, mama." Kijana wa watu hakuwa anadanganya, naamini, hajui. Lakini kuna mtu huko Ulaya aliyeanguka na helmeti ile, kichwa chake kikapona, akaitoa sadaka.

Povu lile ndilo helmeti yenyewe. Mahameli ya juu ni nguo tu. Na povu lile si kama la godoro. Bonyeza godoro kwa kidole, linarudi. Sasa chukua kipande cha lile povu jeupe linalokuja kwenye katoni ya TV, kibonyeze: shimo linabaki. Hivyo ndivyo linavyokuokoa. Linakubali kusagika ili kichwa chako kipunguze mwendo kidogo kidogo badala ya kusimama ghafla. Kazi hiyo kila sehemu ya povu huifanya mara moja. Hapo palipokwisha kusagika hapana kitu tena, na kutoka nje huwezi kupaona.

Ningelegeza msimamo kwa hali moja: helmeti ya mtu unayemjua kwa jina, mtoto wake amekua ikambana, wewe mwenyewe umeona karatasi ya tarehe ndani haijazidi miaka mitatu minne, na mtu huyo si wa kukuficha. Hiyo siyo mtumba, hiyo ni kurithishana. Ya rundo, hata iwe ya bure, sitaki.

Zile za mahameli za zamani, alizovaa bibi au mzungu aliyeuza shamba, je?

Tundika ukutani. Nyingi ni ganda jembamba na kitambaa, hazina povu la maana, na mkanda ni lastiki. Lastiki! Ukianguka, kofia inatangulia kwenda zake.

Napimaje kichwa bila kwenda dukani?

Chukua futi ya fundi cherehani. Izungushe kwenye paji la uso, kama sentimita mbili na nusu juu ya nyusi, ipite juu ya masikio, iende mpaka pale kisogo kilipotokeza zaidi. Pima mara tatu, chukua kipimo kikubwa. Kama huna futi, tumia kamba ya kiatu kisha uilaze kwenye rula. Sentimita zako ndizo saizi: 54, 55, 56 na kuendelea.

Ila namba peke yake haitoshi, kwa sababu vichwa vina maumbo. Kuna vichwa vya mviringo kama chungwa na virefu kama embe dodo, na helmeti nazo ziko hivyo hivyo. Ukivaa ikakubana mbele na nyuma huku ubavuni kuna nafasi, kichwa chako ni kirefu kuliko helmeti. Ikikubana kwenye masikio na mbele kunapwaya, ni kinyume chake. Usipande saizi kurekebisha hilo. Badilisha modeli.

Ikishafika, ivae ikae sawasawa, isirudi nyuma kama kofia ya mlevi. Kati ya nyusi na ukingo wa mbele pawe na nafasi ya vidole viwili hivi. Usifunge mkanda kwanza. Inamia mbele, tikisa kichwa. Isianguke. Halafu ishike kwa mikono miwili uizungushe kidogo kushoto na kulia: ngozi ya paji la uso na nyusi zifuate. Helmeti ikizunguka na nyusi zimetulia, ni kubwa. Kisha funga mkanda, kidole kimoja kiweze kupita chini ya kidevu, si ngumi. Kaa nayo ndani ya nyumba dakika ishirini ukitazama habari. Ukianza kuumwa mahali pamoja kama umechomwa na kidole, irudishe kabla hujaichafua.

Zile zenye kigurudumu kidogo nyuma cha kukazia ni rahisi kwa wanaoanza, na nyingi za bei ya chini ndivyo zilivyo. Kaza kiasi. Kigurudumu ni cha kuweka sawa, si cha kuigeuza saizi 58 iwe 54.

Nina rasta. Nimesuka. Navaa hijabu. Nafanyaje?

Maelekezo yanayokuja na helmeti yameandikwa na watu ambao nywele zao zinaingia kwenye lastiki moja. Sisi tuseme yetu.

Pima kichwa kikiwa na mtindo ambao utaupandia. Mwanafunzi wangu mmoja alipimwa Jumatano akiwa na nywele fupi, Jumamosi akaja amesuka, helmeti mpya ikamkalia juu kichwani kama kifuniko cha sufuria. Hakupanda siku hiyo, akalia. Kama wewe ni mtu wa kubadilisha mitindo, tafuta yenye kigurudumu au inayouzwa na vitambaa vya ndani vya unene tofauti, ambavyo unaondoa na kurudisha.

Misuko mizuri kwa farasi ni ya kulala: mistari inayokwenda nyuma, ikamalizikia chini shingoni. Fundo juu ya kichwa haliwezekani. Fundo kisogoni linaisukuma helmeti mbele, ikufunike macho. Shanga, simbi na vile vibanio vya chuma vitoe, kwa sababu kila kimoja ni kokoto kati ya fuvu lako na povu. Rasta nene zifunge chini, mgongoni, zipite nje ya helmeti. Kama ni nene sana na nyingi kiasi kwamba helmeti inaelea, hapo sina njia ya mkato, itabidi upandishe saizi na uhakikishe kwa ule mtihani wa nyusi kwamba haizunguki.

Hijabu haina tatizo kabisa. Wasichana wa Mombasa wanaokuja kwetu likizo huvaa ile kofia nyembamba ya ndani ya pamba, iliyobana, helmeti juu yake, basi. Pini hapana, hata moja. Mtandio mrefu uingizwe ndani ya shati usije ukapepea na kumshtua farasi wa nyuma.

Mtoto anakua haraka. Ninunue kubwa kidogo aikulie?

Sare ya shule, sawa. Viatu, sawa. Helmeti inayopwaya siku ya kuanguka huteleza nyuma na paji la uso linabaki wazi, au inamfunika macho kabla hata hajaanguka, na hiyo ndiyo sababu ya kuanguka kwenyewe. Nunua ya leo. Kwa mtoto chagua ya bei ya chini yenye kigurudumu. Itamchukua mwaka au miwili. Ukitaka kuokoa pesa, elewaneni wazazi watatu wanne wa klabu moja: helmeti inashuka kwa mdogo anayefuata, na historia yake mnaijua wote.

Kwa mwanzo tutumie tu ya klabu?

Ndiyo. Usinunue chochote kabla ya masomo manne matano. Watoto wengine humwona farasi karibu, wakasikia harufu, mapenzi yakaisha papo hapo. Lakini ya klabu nayo ipindue uisome, usione haya. Mwalimu anayekasirika kwa kuulizwa umri wa helmeti amekujibu. Kuna mahali niliwahi kufanya kazi, helmeti zote zilining'inia kwenye msumari mmoja, na yenye umri mdogo kuliko zote ilikuwa na miaka kumi na moja.

Na jambo la mapunye, samahani, lazima nilitaje. Helmeti ya kuazima imepita vichwa vingi. Mvalishe mtoto kofia nyembamba ya kitambaa ndani, ya kufuliwa.

Inadumu muda gani?

Watengenezaji wengi husema miaka mitano tangu uanze kuitumia. Jasho, mafuta ya nywele, joto na mitikisiko ya kawaida huila povu na gundi. Tarehe iliyo kwenye karatasi ya ndani ni ya kutengenezwa. Wewe andika yako ya kununua hapo pembeni kwa kalamu ya kawaida.

Joto ndilo linalotuumiza sisi. Helmeti iliyoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani, au kwenye stoo ya mabati pale klabu saa nane mchana, inaoka. Usiipake rangi ya kupuliza, usiisafishe kwa petroli au thina, kwa kuwa vitu hivyo huyeyusha povu. Jaribu kumwaga tone la petroli kwenye kipande cha lile povu la katoni ya TV uone linavyozama. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha. Stika za watoto nazo afadhali uache, huijui gundi yake.

Nimeanguka lakini helmeti haina hata mkwaruzo.

Kama kichwa kiligusa chini, imekwisha. Najua inauma. Mimi mwenyewe, enzi za usaisi, niliangushwa na farasi aliyeshtuka kwa bati lililopeperushwa na upepo. Nikajifuta vumbi, helmeti ikaonekana nzima, nikaivaa miaka miwili zaidi. Siku nilipofungua kitambaa kukifua, nikaona ufa. Nilikuwa nimepanda miaka miwili nikiwa na kofia ya jua.

Baadhi ya kampuni hupunguza bei ya helmeti mpya ukiirudisha iliyoanguka nawe. Ukinunua, soma ile karatasi ya dhamana kabla hujaitupa pamoja na boksi, na tunza risiti. Kuiangusha kutoka mkononi kwenye sakafu ya saruji nako si mchezo. Ikitoka juu ya tandiko ikagonga saruji, mimi hubadilisha.

Niinunue wapi, nikiwa Kenya au Tanzania?

Nairobi kuna maduka machache ya vifaa vya farasi pande za Karen na Langata, na hapo utaijaribu kichwani, jambo lenye thamani kuliko punguzo. Bei itakuwa juu. Walio Arusha na Usa River wengi huagiza Nairobi au humsubiri mtu anayesafiri.

Njia ya ndugu aliye nje ndiyo nafuu kuliko zote. Shangazi yuko Minnesota, binamu yuko London. Anaibeba kwenye mzigo wake wa mkononi, si kwenye sanduku linalotupwa na wapakiaji. Mtumie kipimo cha sentimita, umbo la kichwa, na jina kamili la modeli, siyo "helmeti ya farasi nzuri nyeusi". Ukiagiza mwenyewe kwa posta, piga hesabu ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT (Kenya ni asilimia 16) kabla hujafurahia bei. Helmeti ya dola 60 inaweza kukufikia ikiwa imekaribia dola 120, na saizi ikikataa, kuirudisha ni hasara tupu.

Subiri misimu ya punguzo. Rangi ya mwaka jana hushushwa bei kwa kuwa tu ni rangi ya mwaka jana. Ila hakikisha ya punguzo haijakaa dukani miaka minne.

MIPS ni nini, na nilipe zaidi kwa ajili yake?

Ni safu nyembamba ya plastiki ndani ya helmeti, mara nyingi ya njano, inayoiachia helmeti iteleze kidogo, milimita kumi hadi kumi na tano, pale kichwa kinapogonga kwa mshazari. Ilibuniwa Stockholm, Sweden, na bidhaa ya kwanza kuuzwa nayo, mwaka 2007, ilikuwa helmeti ya wapanda farasi. Ukianguka hugongi chini wima kama nazi; unagonga ukiteleza, kichwa kinazungushwa ghafla, na ubongo unasukasuka ndani kama maji kwenye kibuyu. Hilo ndilo linalopunguzwa.

Kama tofauti ni shilingi elfu mbili tatu, lipa. Kama itakufanya uahirishe kununua mpaka Desemba huku unapanda na ya kuazima, nunua isiyo nayo leo.

Mimi ni mzoefu, farasi wangu ni mpole, natembea tu. Lazima?

Courtney King-Dye alikuwa ameiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya 2008. Mchezo wake ni wa mwendo wa madaha, hauna kuruka. Machi 2010, huko Florida, alikuwa mazoezini bila helmeti, farasi akajikwaa kwa miguu yake mwenyewe wakaanguka wote. Fuvu lilipasuka, akakaa katika usingizi wa kutojitambua karibu mwezi mzima, akajifunza upya kutembea na kusema. Farasi hakuwa mkorofi. Alijikwaa. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa farasi lilichukua miaka mingi, na ni kuanzia 2021 ndipo helmeti ikawa lazima kwa wote katika mchezo huo, zile kofia ndefu za adabu zikawekwa kando.

Na si ukiwa juu tu. Kumwosha, kumpakia kwenye lori, kumshika kwato, mkanda uwe umefungwa. Mkanda usiofungwa ni sawa na helmeti iliyoko nyumbani.

Na saisi wetu?

Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza hili, nimelitia mwenyewe. Saisi ndiye anayempanda farasi wako asubuhi kumtoa ukorofi kabla mtoto hajafika. Ndiye anayekwenda naye shoti kumrudisha akitoroka. Mabanda mengi anavaa ile helmeti iliyokataliwa na kila mtu, kigurudumu kimekatika, mkanda umefungwa fundo, au kofia ya kampeni ya uchaguzi. Mnaoweka farasi kwa pamoja, mkichanga mia tano mia tano, watu kumi na wawili, mmenunua mpya ya bei ya chini yenye cheti, akiibeba ndugu aliye nje. Mpimeni kichwa chake, msimletee ya saizi ya mtoto wenu.

Ya zamani niipeleke wapi?

Usiipe mtu, na usiitupe nzima. Chukua mkasi, kata mkanda wa kidevu pande zote mbili karibu kabisa na ganda. Bandua ile karatasi ya kiwango uichane. Halafu andika juu kwa wino mzito IMEKUFA. Yangu ya mwisho niliitoboa chini kwa msumari wa moto, nikaijaza udongo, sasa imeota sukumawiki mlangoni pa stoo ya matandiko. Fundi wa kwato kila akija anauliza bei.